Mlio wa injini mlimani na historia yake

Leo naweka kando seva na hifadhidata tuzungumze kuhusu pikapu. Ndiyo, pikapu, zile za zamani: Hilux ya kabureta, Datsun 1200, Peugeot 504. Usiondoke, kompyuta zitafika mbele kidogo.

Mwenye gari la aina hiyo anaujua mlio huu. Umetoka Mai Mahiu na magunia ya viazi nyuma, unapanda kuelekea Limuru kwa ile barabara iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Uko gia ya tatu, umekanyaga mafuta mpaka mwisho, mwendo unapungua, halafu chini ya boneti kunaanza kulia kitu chembamba, kama changarawe inayotikiswa ndani ya kopo. Ukiinua mguu kinanyamaza. Ukikanyaga tena kinarudi. Hapa Kenya fundi akikwambia injini "imenoki" huwa na maana nyingine, kwamba beringi za krenki zimekwisha na uanze kutafuta injini nyingine Kirinyaga Road. Huo ni ugonjwa mwingine. Huu wa leo unatokana na moto wenyewe, na ukipuuzwa kwa muda mrefu ndio huo unaotoboa pistoni na kuchoma gasketi ya kichwa.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Plagi ikitoa cheche, mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki wote kwa mpigo. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kama moto wa nyasi kavu, na kwa kawaida safari nzima huchukua karibu digrii 50 za mzunguko wa krenki. Wakati unasambaa, unaubana na kuupasha joto mchanganyiko ambao bado haujawaka, ule ulio pembeni kabisa. Pembe hiyo ikifikia joto na shinikizo la kutosha inajiwasha yenyewe, yote kwa wakati mmoja. Shinikizo linaruka, gesi inatikisika kwenda na kurudi ndani ya silinda, na chuma kinalia.

Mlima unaleta masharti yote mawili kwa pamoja. Umefungua kabureta yote, kwa hiyo silinda inajaa hewa na petroli hadi juu na shinikizo ni kubwa. Tena injini inazunguka polepole. Piga hesabu: kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, digrii 50 huchukua karibu milisekunde 5.6. Kwa mizunguko 4,500 huchukua chini ya milisekunde 2. Ile pembe ya mwisho inahitaji muda wa kuiva kabla ya kujiwasha, na mlimani kwenye gia kubwa umeipa muda mara tatu. Ndiyo sababu kushusha gia moja mara nyingi hunyamazisha mlio papo hapo, ingawa hakuna ulichotengeneza.

Sasa historia. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kabla ya hapo uliwasha gari kwa kuzungusha mkono wa chuma, na watu walivunjika mikono kweli kweli. Mfumo wa Kettering ulitumia betri kwa stata, taa na cheche. Injini za enzi hizo zilipoanza kulia, lawama zilielekezwa kwake: eti ni hiyo cheche yake ya betri. (Wanaoandika programu wanaijua hali hii. Kitu kipya kikiingia kwenye mfumo, kila hitilafu ya zamani hupewa jina lake.) Kampuni yake ilikuwa pia inauza majenereta madogo ya kutoa umeme mashambani, na yale yaliyotumia mafuta ya taa yalilia vibaya sana. Mwaka 1916 akamkabidhi tatizo kijana mmoja mhandisi, Thomas Midgley.

Midgley hakuwa mkemia, alisomea uhandisi wa mitambo. Alichofanya kwanza ndicho ambacho wengi wetu hatufanyi: alipima. Alitumia kioo kidogo na mwanga kurekodi shinikizo ndani ya silinda, akaona kwamba mruko wa ghafla unakuja baada ya cheche. Kama mafuta yangekuwa yanawaka mapema kabla ya cheche, mruko ungeonekana kabla. Kwa hiyo betri ya Kettering haikuwa na hatia. Tatizo lilikuwa ndani ya mafuta.

Hatua ya pili inachekesha. Wawili hao walijua ua moja la porini lenye majani mekundu, ambalo huchanua mapema hata kabla theluji haijaisha. Wakawaza, labda wekundu hufyonza joto, na mafuta ya taa yakitiwa rangi nyekundu yatageuka mvuke mapema. Midgley akaenda stoo kutafuta rangi inayoyeyuka kwenye mafuta, hakupata, akachukua iodini. Mlio ukapungua! Angeweza kuishia hapo na nadharia yake ya ua. Lakini akajaribu rangi nyingine nyekundu na hakuna hata moja iliyosaidia. Halafu akajaribu kemikali yenye iodini lakini isiyo na rangi, nayo ikafanya kazi. Nadharia ilikuwa upuuzi na jaribio lilikuwa sahihi. Iodini yenyewe haikufaa kibiashara kwa sababu ya bei na kutu.

Upande wa pili wa bahari, Uingereza, Harry Ricardo alikuwa akifuata njia nyingine. Yeye aliamini tangu mapema kwamba ni ile gesi ya mwisho inayojiwasha, akajenga injini ya majaribio ambayo uwiano wake wa mgandamizo ungeweza kubadilishwa huku inazunguka. Unatia mafuta, unapandisha mgandamizo polepole mpaka mlio uanze, unaandika namba, unahamia mafuta mengine. Kwa maoni yangu Ricardo anastahili sifa kubwa kuliko anazopewa, ila hadithi yake haina ua wala sumu, kwa hiyo haisimuliwi.

Sumu ilikuja tarehe 9 Desemba 1921. Baada ya kupitia anilini, seleni na teluri (teluri ilinuka kiasi kwamba waliyoishika hawakukaribishwa nyumbani), Midgley na wenzake walitia matone machache ya tetraetili ya risasi kwenye injini ya majaribio. Mlio ulikufa kabisa. Kiasi kilichohitajika kilikuwa kidogo mno, sehemu moja kwa zaidi ya elfu ya petroli. Mwezi wa Februari 1923 galoni ya kwanza iliuzwa Dayton. Mwaka 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni ya kuuza bidhaa hiyo, wakaiita Ethyl. Neno risasi halikuwemo kwenye jina. Na hapa Kiswahili kina ukweli wa bahati: kwetu madini hayo na kile kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja.

Kwamba risasi ni sumu ilijulikana tangu zamani za Warumi. Midgley mwenyewe mwanzoni mwa 1923 alilazimika kuacha kazi na kwenda Florida kupumzika kwa sababu mwili wake ulikuwa umeathirika. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuchanganyikiwa akili. Watano walikufa na zaidi ya thelathini walilazwa. Kwenye kiwanda cha DuPont huko Deepwater, wafanyakazi waliita jengo lao nyumba ya vipepeo, kwa sababu wenzao walikuwa wakifukuza wadudu ambao hawakuwepo. Tarehe 30 Oktoba Midgley aliita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kimiminika hicho na kuvuta harufu yake mbele yao ili kuonyesha kuwa ni salama.

Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano. Daktari Alice Hamilton wa Harvard, aliyekuwa amechunguza sumu za viwandani kwa miaka mingi, alipinga wazi risasi kutiwa kwenye petroli ya umma. Mauzo yalisimamishwa kwa muda, kamati ikafanya uchunguzi wa miezi michache, na Januari 1926 ikasema haioni sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Ikapendekeza uchunguzi uendelee. Uliendelea kwa fedha za sekta yenyewe, kwa miaka arobaini hivi.

Jambo linaloniuma katika kisa hiki ni kwamba njia nyingine ilikuwepo. Alkoholi huzuia mlio vizuri sana, na Midgley alijua. Mwaka 1920 aliomba hataza ya mchanganyiko wa alkoholi na petroli. Lakini ethanoli yenyewe haiwezi kumilikiwa na mtu. Inaweza kutengenezwa na yeyote mwenye miwa au mahindi, na ingehitajika kwa wingi, asilimia kumi na kuendelea, kwa hiyo ingepunguza mauzo ya mafuta. Risasi ilikuwa na hataza na ilihitaji matone tu. Sisi wenyewe Kenya tuliijaribu njia ya alkoholi: katika miaka ya 1980 petroli ilichanganywa na ethanoli iliyotengenezwa kwa molasi huko Muhoroni, mpaka mpango huo ukasimama katika miaka ya 1990.

Risasi ilidumu. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanajiokemia aliyekuwa anapima umri wa dunia na kukuta vipimo vyake vinachafuliwa na risasi iliyo kila mahali, alichapisha ushahidi kwamba kiasi kilichomo mwilini mwa watu wa kisasa si cha asili. Mwaka 1979 Herbert Needleman alipima risasi kwenye meno ya watoto yaliyong'oka, akaonyesha kwamba waliokuwa na nyingi walifanya vibaya kwenye vipimo vya akili na darasani. Watoto hao hawakuwa wamekunywa kitu. Walikuwa wanapumua na kucheza kwenye vumbi. Marekani ilipiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Kwetu, nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia Januari 2006 Kenya na majirani waliacha. Kazi ya kusukuma dunia nzima iliratibiwa kutoka Gigiri, Nairobi, kwenye makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho, Julai 2021. Karibu miaka mia moja kamili tangu yale matone ya Dayton. Ndege ndogo za pistoni bado huuziwa petroli yenye risasi hata leo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Turudi kwenye mlima. Mwaka 1926 Graham Edgar, mkemia wa Ethyl, alitaka kipimo ambacho kila maabara ingekubali. Akachagua kemikali mbili safi: isooktani, isiyolia kirahisi, akaipa 100, na heptani, inayolia haraka, akaipa 0. Heptani safi aliipata kwenye utomvu wa msonobari fulani wa California. Petroli inayolia sawa na mchanganyiko wa 90 kwa 10 inaitwa oktani 90. Ile namba unayoiona kwenye pampu inatoka huko. Injini ya silinda moja ya kupimia ilijengwa na kiwanda cha Waukesha, Wisconsin, na mgandamizo wake hubadilishwa ikizunguka, kama wazo la Ricardo.

Lakini namba za maabara hazikukubaliana na barabara. Basi mwaka 1932 wahandisi walipeleka magari kwenye mlima mrefu karibu na Uniontown, Pennsylvania, wakawa wanapanda na mafuta tofauti na kusikiliza kwa masikio. Matokeo yakawa kwamba kipimo cha maabara kilikuwa kinayasifu kupita kiasi baadhi ya mafuta, na kipimo cha pili, kikali zaidi, chenye mchanganyiko uliopashwa joto na injini inayozunguka 900 badala ya 600, kikabuniwa. Vyote viwili vinatumika hadi leo. Kwa hiyo ukisikiliza mlio wako hapo Mai Mahiu, unarudia jaribio lililopanga viwango vya petroli ya dunia.

Sasa kompyuta. Katikati ya miaka ya 1930, pale MIT, Charles Stark Draper alichunguza mlio huu kama sauti. Akaonyesha kwamba gesi iliyotikiswa hulia kama chombo cha muziki, kwa masafa yanayotegemea kipenyo cha silinda. Tuhesabu kwa injini ya Hilux 22R yenye silinda ya milimita 92. Sauti ndani ya gesi ya moto husafiri kama mita 950 kwa sekunde. Zidisha kwa 1.841, gawanya kwa pai mara kipenyo, unapata karibu hezi 6,000. Ndiyo hiyo changarawe. Na Draper huyo huyo ndiye mwanzilishi wa maabara iliyotengeneza kompyuta ya uongozaji ya Apollo, iliyowapeleka watu mwezini. Nilipoligundua hilo nilifurahi siku nzima.

Ukishajua masafa unaweza kutengeneza sikio. Buick waliuza injini ya turbo yenye sensa ya mlio mwaka 1978, na Saab wakaleta mfumo wao mwaka 1982. Sensa yenyewe ni kipande cha kauri kinachotoa umeme kikitikiswa, kimefungwa kwa bolti kwenye bloku ya injini. Ujanja uko kwenye programu. Kompyuta husikiliza tu ndani ya dirisha fupi baada ya cheche, huchuja masafa mengine, halafu hulinganisha na kelele ya kawaida ya injini kwenye mzunguko huo. Kiini chake ni kama hivi:

kama kelele > kizingiti: cheche = cheche - 3
la sivyo: cheche = cheche + 0.1, mpaka kufikia ramani

Rudi nyuma haraka, songa mbele polepole. Wenye kujua mitandao watatambua tabia hii: ndivyo TCP inavyofanya tangu kazi ya Van Jacobson ya 1988, mtandao ukisongamana inapunguza mwendo kwa kishindo na kuurudisha kidogo kidogo. Sijui kama mmoja alimwiga mwingine, na sidhani. Ukitaka kuishi ukingoni mwa kikomo usichoweza kukiona, hakuna njia nyingi.

Pikapu yako ya kabureta haina chochote kati ya hivyo. Ina distribyuta yenye vyuma viwili vinavyofunguka kadiri injini inavyoongeza mwendo, na kibuyu cha vakyumu kinachoongeza digrii wakati mzigo ni mdogo. Hiyo ndiyo ramani yake, imeandikwa kwa springi. Na ukiisoma vizuri inakusaidia kutambua ugonjwa. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho mlimani, vakyumu inakaribia sifuri na kile kibuyu hakifanyi kitu. Kwa hiyo gari likilia pale tu, kibuyu hakina hatia. Shuku mpangilio wa msingi wa distribyuta au springi za vyuma zilizochoka, ambazo hufungua mapema. Likilia kwenye mteremko mpole na mguu mwepesi, hapo ndipo kibuyu, au ile vali ya kurudisha moshi wa eksozi iliyozibwa na fundi "kwa sababu haina kazi", vinapoingia kwenye orodha.

Kabla ya kufungua chochote, badilisha mafuta. Maliza tangi, jaza kwenye kituo kingine, panda mlima ule ule. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli kulikuwa kumeenea kiasi kwamba Septemba 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida. Waliolipa ni wale wanaopikia jiko la stovu, lakini tuache hilo. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na injini yako italia kama jenereta za Kettering zilivyolia.

Kama mafuta ni mazuri, chomoa mpira wa vakyumu, uzibe, kisha pima cheche kwa taa ya taiming, sailensa ikiwa kwenye mzunguko ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Usikubali ipangwe kwa sikio. Nairobi iko juu, shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko Mombasa, na gari lililosogezwa mbele mpaka likawa tamu Nairobi litaanza kulia likiwa limebeba mzigo kupanda kutoka Mazeras kwenda Mariakani. Pasha injini moto, ongeza mwendo polepole ukitazama alama kwenye puli: inapaswa kusogea taratibu na kurudi mahali pake. Ikiruka au ikibaki mbele, fungua distribyuta uangalie springi.

Baada ya hapo angalia joto la injini, uvujaji wa hewa chini ya kabureta (mchanganyiko mkavu hulia), na plagi zenyewe, maana plagi ya moto kuliko iliyopendekezwa hugeuka mshumaa. Injini inayokula oili ina adui wa ziada: kaboni iliyoganda juu ya pistoni hupunguza nafasi, mgandamizo unapanda bila wewe kubadilisha chochote, na oili inayoingia inashusha oktani ya petroli uliyolipia. Hiyo dawa yake ni kufungua kichwa na kukwangua, au ringi mpya. Ikiwa mfuko hauruhusu mwezi huu, rudisha distribyuta nyuma digrii mbili, kaza bolti yake, na ukifika Mai Mahiu panda kwa gia ya pili.